Kitabu ni cha mtoto, mbona bibi kaacha kubangua korosho?

Juzi kati hapa Mikindani umeme ulikatika toka magharibi, joto ndani halikaliki, tukahamia barazani, mpwa wangu wa darasa la 5 akaja na kitabu mkono mmoja na simu yangu imewashwa tochi mkono mwingine, akaniambia njomba nisomee wewe, mi nikisoma mwenyewe nakwama kwenye maneno magumu. Kitabu chenyewe ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kopi ya zamani ile jalada lake limeshikiliwa na gundi ya karatasi. Mama yangu, yani bibi yake, alikua pembeni kwenye mkeka anabangua korosho, mikono kaipaka majivu ili yale mafuta ya ganda yasimbabue, kijiti ko ko ko, ganda huku, mbegu kule kwenye ungo, wala hata hatusikilizi.

Tukasoma tukasoma, tukafika pale mjumbe wa mfalme anapochungulia usiku akamuona Adili, liwali mzima mtu anayesifika kwa haki, anawachapa mijeledi manyani wawili aliowafuga, na huku anachapa huku analia. Mpwa akanishika mkono, njomba subiri kwanza, mbona anayepiga ndo analia? Nikawa natafuta jibu kichwani, ndo nikagundua ile ko ko ko haipo. Mama kashika kijiti juu hakijashuka, korosho iko kwenye jiwe imekaa tu inasubiri, afu akajibu yeye kabla yangu: "Analia sababu ni ndugu zake. Ukimpiga mtu baki kinachouma ni mkono tu."

Hapo kwenye kitabu bado hatujaambiwa kwamba wale manyani ni ndugu wa Adili. Yeye alishajua.

Toka usiku ule swali haliniachi, maana nawajua watu wazima kibao hapa Mtwara ambao ukiwakuta na kitabu chenye jini au mnyama anayeongea wanakilaza kifudifudi haraka, utasikia hiki cha mtoto namkagulia tu. Na wengine kwa upande wao wanauliza kwa nia njema kabisa, inakuaje kitabu kimeandikwa kwa ajili ya mtoto wa miaka 10 afu mtu wa miaka 40 au 70 akione kinamsema yeye? Hii mada ina mafundo mengi kuliko inavyoonekana na watu wanayachanganya, kwa hiyo ngoja niyafungue kadiri nilivyoyaelewa.

Fundo la kwanza ni hilo neno lenyewe, "cha watoto". Nani anaamua? Wengi tunadhani ni mwandishi, kakaa kasema sasa naandika kwa ajili ya watoto, lakini mara nyingi anayeamua ni mchapishaji na muuza duka, sababu duka lina shelfu na shelfu inataka jina. Angalia kilichotokea London miaka ya 1930, mchapishaji Stanley Unwin aliletewa mswada wa The Hobbit wa J.R.R. Tolkien, akampa mtoto wake Rayner aliyekua na miaka 10 ausome, malipo shilingi moja, mtoto akausoma akaandika ripoti fupi kwamba kitabu ni kizuri na kitawafaa watoto wote wa miaka 5 mpaka 9. Cheki hapo, mwenye miaka 10 kakipenda, lakini anakisukumia kwa wadogo zake, yani hata yeye tayari alikua anaona aibu ileile ya watu wazima wetu! Kitabu kikatoka Septemba 1937 na mpaka leo wanakisoma watu wenye wajukuu.

Tolkien mwenyewe mwaka 1939 alitoa mhadhara kule Scotland akasema kwamba hizi hadithi za maajabu hazikuzaliwa chumbani kwa watoto, zilipelekwa huko kama vile fanicha iliyopitwa na wakati inavyohamishiwa chumba cha watoto, si kwamba watoto waliiomba, ila wakubwa ndo wameichoka na hawajali ikivunjwa. Hii pointi naipenda sana sababu ukiangalia kwetu ni hivohivo. Hadithi za jioni zilikua za mtaa mzima, paukwa inaitikiwa pakawa na mzee mwenye mvi na mtoto aliyebebwa mgongoni wakati mmoja, hakuna aliyeambiwa wewe toka hii si ya umri wako. Shule ilivyokuja ikachukua hadithi za sungura na fisi ikaziweka kwenye vitabu vya darasa la 3, basi tukaanza kuamini kwamba sungura ni wa darasa la 3.

Mfano mwingine wa karibu zaidi kimiaka ni Harry Potter, vile vitabu vya mtoto mchawi. Kitabu cha kwanza kilitoka Uingereza mwaka 1997, toleo la jalada gumu nakala 500 tu, mwaka uliofuata mchapishaji yuleyule akatoa toleo lenye jalada tofauti kwa ajili ya watu wazima. Ndani maneno ni yaleyale, neno kwa neno, kilichobadilika ni picha ya nje, wakubwa wapate kusoma kwenye treni bila kujificha. Afu Julai 2000 gazeti la New York Times likaanzisha orodha ya pembeni ya vitabu vya watoto vinavyouzwa sana, sababu vile vitabu vilikua vimekaa juu kwenye orodha kuu muda mrefu vinawazibia wengine. Kwa hiyo mtu akikwambia hiki ni cha watoto, kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba anakuelezea shelfu. Kilichomo ndani ni habari nyingine.

Fundo la pili ndo gumu na ndo watu wa Pwani ya kusini tuna la kusema kuliko wengi. Fantasia ni nini? Vitabu vya nadharia vinasema ni hadithi yenye mambo yasiyoweza kutokea katika ulimwengu halisi. Sawa. Sasa mlete jini hapa Mikindani. Msomaji wa Ulaya akikutana na jini anajua huyu kabuniwa, hayupo, tunacheza. Mama yangu akikutana na jini kwenye kitabu hachezi, kwake jini yupo, kaumbwa, katajwa kwenye Kurani, na kuna mibuyu ambayo saa sita mchana hapiti chini yake. Kwa hiyo usiku ule barazani tulikua wasomaji watatu na kila mmoja ana kitabu chake: mpwa anasoma maajabu, mi nasoma fasihi, mama anasoma jambo linalowezekana kabisa. Ukisema fantasia ni "kisichokuwepo" utakua umemtoa mama barazani, wakati yeye ndo aliyeelewa mapema kuliko sisi wote.

Kwa hiyo mi naona hiyo maana haitoshi, au tuseme imeangalia mahali pasipo. Cha kuangalia sio kama hicho kitu kipo au hakipo, cha kuangalia ni kinafanya kazi gani kwenye hadithi. Na kazi yenyewe ukiichunguza kwenye hadithi zilizodumu utakuta vitu viwili, sharti na bei. Ajabu inakuja na sharti, na anayeigusa analipa. Hadithi ikikosa hivo vitu viwili inabaki kua maonyesho tu, joka linapita, moto unawaka, mtoto anashangaa siku moja, kesho kasahau.

Chukua hadithi ya asili ya Wamakonde, wengi wetu tumeisikia kwa wazee na Mjerumani Karl Weule aliyefika Newala mwaka 1906 ameiweka kwenye kitabu chake. Kule Mahuta, ambako sasa ni wilaya ya Tandahimba, zamani pori tupu, alitokea mtu ambaye haogi, hanyoi, anakula kidogo anakunywa kidogo, yuko peke yake. Akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaisimamisha pale anapokaa, usiku ikapata uhai, kulipokucha ni mwanamke. Wakashuka wote wawili mto Ruvuma wakaoga, mke akazaa, mtoto akatoka amekufa. Wakahama, wakapita juu ya nyanda mpaka bonde la Mbemkuru, mke akazaa tena, mtoto amekufa tena. Wakarudi juu, kulekule porini Mahuta, mtoto wa tatu akazaliwa mzima, na ndo uzao ulipoanzia.

Msomee mtoto wa miaka 8 hadithi hii, atakamatwa na ile sanamu. Atakuuliza ilianza kupumua saa ngapi, je ilikua na nywele, je yule baba aliogopa alivyoamka? Maswali mazuri kabisa na hadithi inayastahili. Sasa msomee mwanamke aliyewahi kuzika mtoto, hiyo sanamu ataipita haraka sana, atakwenda kusimama Ruvuma kwenye yale maji, afu atasimama tena Mbemkuru. Na mtu wa tatu, tuseme mzee wa Newala aliyekua anamuona mama yake anashuka bonde zima kufuata maji na kupanda na mtungi kichwani, yeye atasikia kitu kingine kabisa, atasikia ndo maana sisi tunakaa juu kusiko na maji, kumbe maji yalitugharimu watoto wawili. Hadithi ni fupi vile, imewabeba wote watatu bila kubadilisha neno hata moja, kwa sababu ina sharti, usikae bondeni, na ina bei, na bei imelipwa mbele ya macho yetu.

Au nenda Kilwa Kisiwani. Inasimuliwa kwenye historia ya Kilwa kwamba Ali bin al-Hassan alivyokuja na watu wake kutoka Shirazi alikikuta kisiwa kina mwenyewe, wakakubaliana auziwe kwa nguo, lakini sharti ni nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Zikatandikwa, kisiwa kikazungukwa, mwenyewe akachukua nguo zake akavuka kwenda bara. Wanahistoria wanabishana sana kuhusu hao Washirazi na sitaingia huko, mi nazungumzia hadithi. Mtoto ataona picha, nguo za rangi zinazunguka ufukwe wote, nzuri ajabu. Mtu mzima ataona biashara, kuna mtu kauza kwao kwa kitu kinachochakaa. Afu hadithi inaendelea, aliyeuza alikua na mpango wa kurudi kwa miguu maji yakipwa, mnunuzi akachimba mkondo, bahari ikajaa hapo na haikutoka tena. Hiyo sentensi moja ya mkondo mi imeninyima usingizi nikiwa na miaka 30 na kitu, wakati nilivyoisikia nikiwa mdogo wala sikuitilia maanani.

Na ili uone tofauti ya ajabu tupu na fantasia, tuna mfano mkubwa kuliko wote hapahapa mkoani Lindi. Tendaguru. Wajerumani walichimba pale toka 1909 mpaka 1913, mamia ya vibarua wa huku wakafukua mifupa ya dainosaria, wakaibeba mabegani na vichwani mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenye meli, na leo mmoja wa wale wanyama amesimamishwa makumbusho ya Berlin, urefu kwenda juu mita 13 na ushee. Alisimamishwa mwaka 1937, mwaka uleule wa The Hobbit, basi tu imeangukia hivo. Mnyama mkubwa kiasi hicho, shingo kama mnazi, lakini bado sio hadithi. Inakua hadithi siku utakaponiambia kuna mtoto wa Lindi alibeba mfupa mmoja mdogo, na usiku ule mfupa ukaanza kumdai kitu. Unadai nini? Upelekwe wapi? Mtoto akikubali nani nyumbani atakosa? Hapo sasa tumeanza, na natamani kuna mtu atakiandika hicho kitabu kwa Kiswahili, kwa dhati kabisa natamani, material ipo chini ya miguu yetu.

Turudi kwa Adili sasa maana ndo tulipoanzia na ndo mfano ulio wazi zaidi kwa msomaji wa Kiswahili. Kilitoka mwaka 1952, Shaaban Robert alikua ameshaandika Kusadikika mwaka mmoja nyuma, na kiini cha kisa kinafanana na kimoja cha Alfu Lela U Lela, ambacho ndani yake wanaochapwa ni mbwa. Huku ni manyani, na nchi ni Ughaibu, na majina ya watu ni tabia zao, kuna Adili, kuna Hasidi, kuna Mwivu. Hasidi na Mwivu walimfanyia ndugu yao ubaya wa kumtosa baharini kwa ajili ya wivu, jini aitwaye Huria akawageuza manyani, na sharti likawekwa juu ya Adili, awachape kila usiku. Sharti hilo hapo. Bei ni ile aliyoiuliza mpwa wangu, mbona anayepiga ndo analia.

Haya majina yanafanya kazi mbili kwa mpigo. Mtoto anayashukuru, sababu anajua toka mlangoni nani mbaya nani mzuri, haimsumbui kukumbuka. Mtu mzima majina yaleyale yanamkera kidogo, anaanza kuwaza hivi kweli mzazi amwite mwanae Hasidi, na kama alimwita hivyo akiwa mchanga yule mtoto alikua na njia gani nyingine? Kitabu hakijibu hilo, wala sidhani kama kilikusudia kuuliza. Lakini swali linazaliwa kwa msomaji mwenye umri wa kuzaa, na kwa mwenye umri wa kuzaliwa halizaliwi. Hii ndo inaitwa kitabu kupendwa na rika zote. Watu wanadhani maana yake ni kwamba mtoto na mkubwa wanapenda kitu kimoja, mara nyingi sio hivyo, wanapenda vitu viwili tofauti vilivyokaa kwenye sentensi moja.

Na kwa mama kilikua kitu cha tatu. Mama alikua na kaka yake, mjomba wangu mkubwa, waligombana kwa ajili ya shamba la mikorosho alilowaachia bibi yao, mikorosho hamsini na kidogo tu, ikafika mahali hata salamu hakuna, kwenye misiba wanakaa pembe mbili tofauti. Huyo mjomba alifariki mwaka juzi. Mama alishinda lile shamba, na zile korosho alizokua anabangua usiku ule ndo za shamba hilo. Mi nilivyokua nasoma sikuunganisha kabisa, niliunganisha baadae nikiwa nimelala, nikakumbuka lile neno "ni ndugu zake" lilivyotoka. Hakuna kitabu cha watu wazima ambacho ningeweza kumletea mama kimsemeshe habari ya mjomba, ningemletea angejua namlenga, angekasirika, na haki yake. Hiki kilipita kwa sababu hakikua kinakuja kwake, kilikua kinakwenda kwa mtoto. Hii ndo siri kubwa ya vitabu hivi kwa maoni yangu. Mtu mzima anajilinda na maneno yanayoelekezwa kwake, lakini yanayoelekezwa kwa mtoto aliyekaa pembeni yake anayaacha yapite, hana ulinzi upande ule.

Fundo la tatu ni lugha, hili nitalipita haraka ingawa lina utamu wake. Kitabu kizuri cha namna hii kimeandikwa kwa sikio. Mwandishi anajua kwamba kuna mkubwa atakisoma kwa sauti na kuna mdogo atasikiliza, kwa hiyo sentensi lazima ikae mdomoni vizuri na lazima imfurahishe anayesoma asije akachoka akaruka kurasa. Alice in Wonderland ya mwaka 1865 ilianza kama hadithi ya mdomo kwenye mtumbwi mtoni, watoto watatu wa kike wanasikiliza. Kiswahili tunayo mara mbili, kuna Elisi katika Nchi ya Ajabu ya mwaka 1940, na kuna tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Nikwambie ukweli, kwenye kitabu kile kuna mashairi ambayo kwa Kiingereza yanachekesha sababu yanageuza mashairi ambayo kila mtoto wa Uingereza wa wakati ule alikaririshwa shule, sasa sisi hatukukaririshwa hayo, kwa hiyo mtafsiri ana kazi ngumu kweli. Maana yake "rika zote" sio kitu kinachoelea hewani, kinashikiliwa na kumbukumbu ambayo mkubwa na mdogo wa mahali fulani wanachangia. Ndo maana Shaaban Robert anaingia barazani kwetu bila kubisha hodi, kwa mtindo wake wa hekaya, wafalme na majini na safari za baharini, mama alizisikia hizo kabla hajajua kusoma.

Kuna wazazi wanaogopa hivi vitabu na sipendi kuwabeza, nimekaa nao, wengine ni jamaa zangu wa Lindi mjini, wanasema mtoto akisoma uchawi na majini atatamani uchawi. Mi ninachowajibu ni waangalie hilo sharti na bei. Kitabu ambacho mtoto anapata nguvu bure, anaonea watu nayo, na hakuna kinachomrudi, hicho hata mi nakiwekea alama ya kuuliza, sio kwa sababu ya jini bali kwa sababu kinamdanganya kuhusu maisha. Lakini kitabu ambacho jini mwenyewe anafuata sheria, na liwali mwenye vyeo vyote analia usiku kwa sababu ya sharti alilowekewa, sijui ni wapi pengine mtoto wa miaka 10 atakutana na uzito wa namna ile akiwa salama kwao barazani. Na nimeona pia wazazi wanaotaka kila mwisho wa sura wamuulize mtoto umejifunza nini, jamani tuache hiyo, inaua kitabu. Mtoto akiuliza mbona analia, kaa nalo hilo swali, usimbadilishie liwe la mtihani.

Kama unataka kujaribu nyumbani kwako, mambo ni machache. Usisubiri kupata vitabu vingi, huku kwetu maduka mengi ya vitabu yana vya mitaala tu na hiyo tunaijua, kitabu kimoja cha zamani kilichochakaa kinatosha miezi. Soma kwa sauti, jioni, na wakubwa wawepo, hata kama wanafanya kazi zao, tena afadhali wawe wanafanya kazi, mtu anayekoboa mahindi au kubangua korosho anasikiliza vizuri kuliko aliyewekwa kwenye kiti kusikiliza. Neno gumu likitokea msikimbilie kamusi, waulizeni wazee kwanza, mama alitufafanulia maneno matatu ya mle ndani ambayo mi na elimu yangu nilikua nayakisia. Na usiruke mahali panapotisha au panapohuzunisha kwa kudhani unamsaidia mtoto, sababu ukiruka pale bei inapolipwa umebaki na sanamu inayopumua na nguo za rangi ufukweni.

Kesho yake umeme ulirudi mapema, TV inafanya kazi, nikajua basi leo kila mtu na lake. Nimetoka kuswali isha nakuta mkeka umeshatandikwa barazani, ungo wa korosho upo, kijiti kipo, mpwa kakaa na kitabu kafungua sura inayofuata maana anataka kujua Hasidi na Mwivu watageuka watu au vipi. Nikakaa, nikashika kitabu. Mama akasema usiende mbele, rudi pale pa manyani usiku.

Mpwa akalalamika, bibi jamani si tulishasoma jana?

"Mmesoma nyinyi," mama akasema. Kaweka kijiti chini, kajifuta majivu mikononi kwa upindo wa khanga. "Mi jana nilikua nabangua."